Mwalimu wa Kijiji cha Wenyewe

Mniwie radhi mnaompenda. Najua mpo, na siku akifa mtajaa uwanjani kwake mpaka barabarani, na mtasema alikuwa taa ya kijiji. Mimi pia nitakwenda, maana msiba hauchagui, lakini nitakwenda na kanga yangu ya kawaida na sitalia. Mwalimu yule ndiye aliyetupotezea bonde, na bondeni ndiko tulikomlaza mama yangu. Nimeanza na hilo ili msiniulize mbele ya safari ulimi huu mchungu nimeutoa wapi.

Kwetu ni kijiji kidogo kando ya barabara ya Mloka, ukitokea Kibiti. Nyumba ziko juu, na chini ndiko bonde la mto lilikotandaa, na mpunga wetu ulikuwa huko. Jina la mwalimu huyo silitaji, kwa sababu kijijini hakuna anayemwita kwa jina. Walimu wengine waliopita pale walikuwa mwalimu fulani na mwalimu fulani. Yeye ni Mwalimu tu, utadhani chaki ilianza kushikwa naye. Ya ukoo wake siyajui, na alihakikisha hatuyajui. Ukimuuliza, atanyoosha mkono mashariki na kusema, "Pwani, pwani huko," kisha ataomba maji ya kunywa.

Alitufundisha Jiografia na Historia. Sasa sikilizeni maajabu. Zamani alipita Mfaransa mmoja aliyekuwa akichunguza mikoko ya delta, akalala shuleni kwetu wiki kadhaa, na alipoondoka akamwachia Mwalimu kijitabu chembamba chenye picha. Kilikuwa ni habari za kijiji chake yule Mfaransa: mipaka yake, kijito chake, historia yake, majengo yake ya kale. Kijiji chenyewe, kwa jinsi kilivyoelezwa, watu wake hawawezi kujaza soko la Kibiti hata nusu. Lakini Mfaransa alikaa naye, akamtafsiria mstari kwa mstari, na Mwalimu akaandika yote kwenye daftari la jalada gumu. Kuanzia siku hiyo sisi watoto tukahamishiwa Ufaransa.

"Kijiji kinapakana na nini upande wa kaskazini?"

"Kinapakana na msitu wa mialoni, Mwalimuuu!"

"Kusini kuna nini?"

"Kusini kuna kijito, kinapita chini ya daraja la mawe lenye matao mawili!"

"Rudia! Darasa zima!"

Tukarudia. Wallahi nawaambia, mpaka leo niamsheni usingizini nitawatajia banda lao la kufulia nguo, lenye paa na sakafu ya mawe, na kinu chao cha maji, na ngome yao iliyobomoka ukuta wa magharibi, na kanisa lao lenye mnara wa vigae vyeusi. Maalimu wa chuoni alikuja shuleni juba limempanda magotini kwa hasira, akataka kujua kwa nini watoto wake wanasahau sura fupi lakini mnara wa kanisa wanaujua urefu na upana. Mwalimu akamjibu kwamba elimu haina dini. Maalimu akaondoka akisonya.

Siku moja bibi yangu aliniuliza tumesoma nini. Nikamsimulia kijiji chote, kaskazini mpaka kusini. Alikuwa anapepeta mchele, akasimamisha ungo.

"Na hao wanakula nini?"

Kesho yake nikamuuliza Mwalimu. Akafungua daftari, akatafuta, akafunga. "Kitabu hakisemi," akajibu. Niliporudi na jibu hilo bibi alicheka mpaka pumba zikamwingia machoni. "Kijiji gani kinaandikwa bila chakula? Mwambie mwalimu wako hao ni majini." Sikumwambia, nilikuwa bado nampenda.

Ndiyo, nilimpenda, acha niseme. Nilikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote, na yeye mwandiko wake ubaoni ulikuwa kama kuku amechakura, basi akawa ananiita mbele kuandika nukuu za darasa zima. "Njoo wewe wa mwandiko," ndivyo alivyoniita miaka yote ile. Jina langu sidhani kama alilijua. Mtoto akipewa chaki hujiona amepewa nchi, nami nilijiona hivyo hivyo.

Kuvaa alivaa. Viatu vyeusi vinang'aa, hata masika, hata tope lifike kwenye vigimbi vya miguu. Alikuwa na kitambaa mfukoni cha kuvifutia, na akifika mahali pa kukaa kazi ya kwanza ni viatu, salamu baadaye. Mwavuli mkononi jua na mvua. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kimepigwa pasi. Ukisema "nchele" badala ya "mchele" mbele yake atakusimamisha njiani akusahihishe, hata kama umebeba ndoo kichwani. Lakini siku aliyojigonga kidole cha mguu kwenye kizingiti cha ofisi ya kijiji, tulimsikia. Kilimtoka Kindengereko safi, tena cha matusi ya bondeni kabisa, kile wanachotukania nyani wakiingia shambani. Kina mama waliokuwa kwenye foleni ya pembejeo walitazamana. Akatengeneza tai yake, akaendelea na pwani yake.

Na wali! Alikuwa akituambia darasani kwamba watu waliostaarabika hawalali juu ya miti wakilinda mpunga. Haya, lakini umpelekee mchele wa dukani, uone. Atanusa tu. "Huu si wa bondeni," atasema, na sahani atairudisha. Mtu mwenye pua ya namna ile hakuipata pwani, ila sisi hatukuwa na akili ya kujiuliza.

Hapa niwaeleze wageni jambo. Watu wa asili ya kwetu walikuwa wakikaa bondeni kwenyewe, kila ukoo na mkwaju wake, kila mtu na dungu lake, yaani kibanda cha juu ya nguzo ambako mtu analala akiamia ndege na kufukuza nguruwe, na mafuriko yakija maji yanapita chini. Baadaye serikali ikatuhamisha na magari, ikatupanga huku juu kwa mistari. Tukawa tunashuka msimu wa kilimo na kurudi. Lakini wazee wa wazee wetu wamebaki chini, kila ukoo na makaburi yake chini ya mkwaju wake. Maiti wa bondeni huwekewa bakuli lake kichwani pa kaburi, limetobolewa kitako lisije likaibwa. Kila mwezi wa Ramadhani ukikaribia tunashuka, tunafagia, tunafukiza ubani, na bakuli likiwa limevunjika tunaweka jingine. Mama yangu alifia dunguni msimu wa mavuno, nikiwa darasa la saba, akazikwa kulekule na wazee wake. Bakuli lake lilikuwa la bati, la bluu, limebanduka rangi ukingoni.

Kasoro ya asili hii ni moja tu: inachekwa. Watu wa barabarani wanatuita watu wa dungu. Ukienda kuolewa Kibiti, mawifi watakuuliza kama unajua kulala kitandani au wakutafutie nguzo. Niliolewa Kibiti, nikaulizwa.

Basi Mwalimu akaona kijiji chetu nacho lazima kiwe na kijitabu. Alikuwa na usemi wake, "Kijiji kisichoandikwa ni kichaka," akiusema kila mkutano mpaka watoto wakawa wanamwigiza. Akachukua daftari la Mfaransa, akaanza kutujaza humo kama mtu anayejaza fomu ya mtu mwingine. Wao wana kijito, sisi tuna mto, hapo sawa. Wao wana banda la kufulia, sisi tukaandikiwa kisima cha pampu ya mdundo. Wao wana ngome. Ebo! Ngome tutaitoa wapi? Akaitoa. Nyuma ya shule kuna kuta za ghala la Mhindi mmoja aliyekuwa akinunua pamba na sufi, bibi yangu mwenyewe aliwahi kubeba mizigo pale. Mwalimu akalibatiza ghala la pamba, likawa ngome ya masultani. Mgeni yeyote akishuka kwenye pikipiki, awe wa chanjo, awe wa uchaguzi, atapelekwa kuonyeshwa ngome, na Mwalimu mbele na mwavuli, akieleza matundu ya hewa kwamba ni ya mizinga. Siku moja bibi alipita na kuni akasikia. "Mizinga ya nyuki labda," akasema, bila kusimama.

Lakini haki ya mtu msiile. Nikiwa darasa la tano nilishikwa na homa ya kunipeleka kaburini. Gari hakuna, barabara imekatika. Mwalimu alinifunga kwa kanga ya mama kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli yake, akaisukuma kwa miguu kwenda hospitali ya Mchukwi, njia ndefu, na viatu vile vile. Mama alifuata nyuma akilia. Kila nikifumba macho ananiuliza, "Kusini kuna nini?" nami najibu kijito, daraja, matao mawili, nafumbua. Daktari alisema tungechelewa kidogo tungerudi na mwili. Hilo namwandikia, na lisingekuwa hilo ningesema zaidi.

Sasa tufike penyewe. Wakaja wataalamu wa kupima ardhi, kijiji kipangiwe matumizi yake. Nilikuwa nimeachika Kibiti, nimerudi nyumbani, nimechaguliwa katibu wa kamati kwa sababu ya mwandiko huo huo. Tulikaa darasani, wazee kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika videvuni. Mtaalamu mmoja, kijana mpole, akauliza:

"Wazee wangu, kabla ya hapa mlikuwa wapi? Kuna makazi ya zamani, makaburi, sehemu za matambiko? Tuyaonyeshe kwenye ramani yasije yakaguswa."

Wazee wakatazama sakafu. Nani aanze kusema mbele ya wageni wenye kompyuta kwamba yeye ni mtu wa dungu? Kwetu mtu atakiri deni, atakiri hata kuachwa na mke, lakini hilo hulitoi mdomoni mbele ya wageni. Mwalimu akasimama. Akafuta viatu kwanza.

"Ndugu wataalamu, sisi tupo hapa hapa tangu kale. Tunayo ngome, mtaiona. Bonde lile ni pori. Tunashuka kulima, tunapanda kulala."

Mzee mmoja akakohoa. "Mwalimu, na makaburi?"

"Makaburi yetu yako nyuma ya msikiti," akajibu, na kweli yapo, ya waliokufa baada ya kuhamishwa. "Katibu, andika."

Nikaandika. Mtasema, wewe je, mama yako? Naam. Niliandika. Katibu huandika anachoambiwa na kikao, na kikao kilikuwa kimenyamaza. Nilijiambia hivyo na nimeendelea kujiambia miaka hii yote. Nikaandika kwa herufi za mviringo, na yule kijana mpole akanisifu.

Wenzetu wa kijiji cha pili hawana ngome. Walipoulizwa, kibibi kimoja kilisema, "Sisi watu wa dungu, mwanangu, twende nikuonyeshe," kikawashusha wataalamu mpaka chini, kikawatembeza mkwaju kwa mkwaju, kaburi kwa kaburi, mpaka viatu vyao vikang'oka soli. Bonde lao likachorwa lote, na makaburi yao ndani. La kwetu likaandikwa pori lililo wazi. Ilipokuja kampuni kutafuta pori lililo wazi, mnadhani ilikwenda wapi? Kwanza mabango, halafu mifereji, halafu uzio na geti. Tulipokwenda kulalamika tulionyeshwa maelezo yetu wenyewe. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Mwalimu hakuwahi kusema nimekosea, hata siku moja. Kwenye mkutano wa hadhara mtu alimrushia maneno, "Mkataa kwao mtumwa!" na umati ukaitikia, akafungua mwavuli wake katikati ya jua akaondoka taratibu. Tangu hapo sikumwamkia. Nikimwona njiani navuka upande wa pili. Na kuna jambo moja la kile kijitabu cha Mfaransa lililonizidishia chuki kila nikilikumbuka. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na picha ya jiwe, limesimama katikati ya kijiji chao, na juu yake wamechonga majina ya wafu wao, mmoja mmoja. Aliturukisha ukurasa ule haraka haraka, akasema si muhimu, hautatoka kwenye mtihani. Katika vyote alivyowaiga wale watu, aliiga ngome.

Mwaka huu Ramadhani ilipokaribia, nilichoka kumwota mama. Nikanunua ubani, nikanunua bakuli la bati la bluu pale Kibiti, nikashuka mpaka getini kujaribu bahati yangu. Nikamkuta. Amekaa kwenye gogo pembeni ya kibanda cha mlinzi, mwavuli magotini, amezeeka mpaka shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Viatu vinang'aa ila kimoja hakina kamba. Mapajani alikuwa na bakuli jipya.

Nilisimama nikalitazama lile bakuli. Hatukuwa tumesemeshana miaka mingi, lakini mdomo uliofundishwa adabu hausahau.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe wa mwandiko."

Mlinzi alitoka, kijana wa mbali, ana heshima zake. "Shikamoo, mama. Na wewe ni kaburi? Huyu mzee yuko hapa tangu asubuhi, nimemweleza. Humu hakuna makaburi, karatasi zinasema." Akaingia kibandani akatoka na faili, akafungua nakala iliyochoka kwa kuonyeshwa watu. Akasoma kwa sauti: "Eneo la bonde ni pori, halina makazi wala mazishi ya kale." Akatikisa kichwa. "Mwandiko mzuri kweli huu. Sijui wa nani."

Zile herufi zangu za mviringo zikawa zinanitazama.

"Wangu," akasema Mwalimu. "Mimi ndiye niliyeandika, enzi hizo mkono ulikuwa haujatetemeka."

Yeye! Yeye wa kuku amechakura! Uongo wake wote niliousikia ulikuwa wa kujipamba, na huu ulikuwa wa kwanza kumfaa mtu mwingine. Na mimi nikanyamaza. Mara ya pili nikanyamaza.

Kijana akatuhurumia. "Basi nipeni hizo bakuli. Nikizunguka doria nitawawekea. Nielekezeni tu ni wapi."

Mwalimu akasimama kwa mwavuli. Akanyoosha mkono, na ile sauti ya darasani ikarudi. Ukivuka mfereji, alisema, kuna kidimbwi kilichokuwa cha viboko, upande wa mashariki kinapakana na shamba la mtu fulani, akamtaja; kaskazini yake ni mkwaju wa ukoo wa fulani, akautaja; hesabu mikwaju mitatu ukifuata mkondo mkavu, wa tatu umegawanyika shina, mizizi ya kusini ndiyo kwao, makaburi saba, la pembeni ni la mama yake mwenyewe. Kisha akaendelea. Alitaja mkwaju wetu. Alimtaja babu yangu. Alimtaja mama yangu kwa jina lake la nyumbani, jina ambalo sikuwa nimelisikia tangu azikwe, na akasema amelala hatua nne kutoka shinani, kichwa kimeelekea wapi. Bonde lote alikuwa nalo kichwani, mipaka yote minne ya kila kaya, na miaka yote ile hakutufundisha hata mstari mmoja.

Mlinzi alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akakuna kisogo.

"Mzee wangu, mikwaju ipi? Huko ndani hakuna mti. Tinga lilishapita kote kabla mimi sijaajiriwa. Ni shamba tupu mpaka mtoni."

Mwalimu akakaa tena kwenye gogo. Hakufuta viatu.

Tulirudi na mabakuli yetu. Njia ni ya kupanda, na yeye alikuwa akisimama kila baada ya hatua chache. Nami, mwenye kiburi changu, nikawa nasimama naye bila kumshika mkono. Nilitaka kumwambia, mbona ulijua? Nilikuwa na maneno ya miaka yote tayari mdomoni. Lakini karatasi ile ilikuwa na mwandiko wangu, na yeye alijua.

Tulipofika kilimani akageuka kutazama chini.

"Kusini kuna nini?" akauliza.

Mdomo ukajibu wenyewe, "Kusini kuna kijito, kinapita chini ya daraja la mawe lenye—"

"Sikuulizi ya wenyewe. Nakuuliza ya kwetu."

"Kusini kuna bonde."

"Bondeni kuna nani?"

"Kuna mama yangu, Mwalimu."

"Na mama yangu," akasema. Akaweka bakuli lake chini, akaegemea mwavuli kwa mikono miwili. "Rudia. Darasa zima."

Hakukuwa na mtu mwingine pale juu. Nikarudia.